Ukiona Kizuri, Una Deni



Wapendwa vijana, leo naomba tukae na swali moja. Kwa juu juu linaonekana ni la watu wenye hela tu, lakini ukilichimba linatugusa sote. Mtu akilipia safari ya faragha, yaani gari lake peke yake, mwongozaji wake peke yake, siku nzima ya milima na majengo ya kale bila kusukumana na mtu, amenunua nini hasa? Na je, ni sawa kwa Mkristo kununua kitu hicho?

Siulizi kwa nadharia tu. Wakati wa likizo nilikuwa Bavaria, kusini mwa Ujerumani, kwa masomo ya lugha. Familia moja ya parokia iliyonipokea ikanipa zawadi ya siku kama hiyo. Walimlipa mwongozaji, mzee mmoja mstaafu anayeyajua maeneo yale kama kiganja chake, anipeleke kuelekea milima ya Alpi. Jioni nikatuma picha mbili kwenye kundi la familia yetu, nyumbani Ruvuma. Binamu yangu akaandika, "Frateri unakula bata!" Nikacheka. Mdogo wangu wa miaka kumi na moja akaandika maneno matatu tu: "Na sisi je?"

La binamu lilipita. La mdogo wangu bado ninalo. Na mtu aliyesoma falsafa miaka mitatu akishindwa kumjibu mtoto wa darasa la tano, basi arudi darasani.

Tuanze na kilichonunuliwa. Milima haikununuliwa. Mlima Säuling, wenye mita 2,047, ulionekana vilevile kwangu niliye kwenye gari la kukodi na kwa kijana aliyepita na baiskeli yake. Theluji ya juu haina kiingilio. Pesa ilinunua vitu vitatu. Ilinunua muda, kwa sababu hatukusubiri basi. Ilinunua maarifa, kwa sababu bila yule mzee ningepita mahali patakatifu nikidhani ni banda la ng'ombe. Na ilinunua kutokuwepo kwa wengine. Ndiyo maana ya neno faragha: wengine hawapo.

Muda na maarifa ni vitu vyema, sina neno. Hicho cha tatu ndicho chenye shida.

Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1790 kuhusu uwezo wa kuamua, alitenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya kila siku. Kuna kusema "hiki ni kitamu kwangu", na kuna kusema "hiki ni kizuri". Mimi nikisema dagaa ni watamu na wewe ukasema huwapendi, hakuna kesi. Kila mtu na ulimi wake. Lakini nikisimama mbele ya mlima nikasema "ni mzuri", sisemi habari za ulimi wangu. Nadai kwamba hata wewe ungekuwepo ungeuona hivyo. Bila kukuuliza nimekuhesabu, nimekuweka pale pembeni yangu.

Umeona linakokwenda? Nilipotuma ile picha na kuandika "pazuri sana", nilikuwa nimekwisha kumwita mdogo wangu. Yeye aliitika tu. "Na sisi je?" haikuwa wivu wa mtoto. Ilikuwa ni mantiki ya neno nililolitumia mwenyewe.

Kwa hiyo nadhani neno "kizuri" halikai faragha. Ukilitamka kwa kweli, tayari una deni kwa wale ambao hawapo. Wazee wetu walilisema kwa ufupi kuliko Kant: kizuri kula na nduguyo.

Siku ile niliyaona mambo haya yamejengwa kwa mawe, katika sehemu mbili zisizozidi saa moja kwa gari kati yake.

Ya kwanza ni kasri la Neuschwanstein. Hata kama hulijui jina, picha yake umeiona kwenye kalenda: minara myeupe juu ya mwamba, nyuma yake misitu na milima. Mfalme Ludwig wa Pili wa Bavaria alianza kulijenga mwaka 1869. Halikuwa la vita wala la serikali. Alilitaka liwe mahali pa kujitenga na watu, aishi humo kati ya hadithi za kale za mashujaa alizozipenda. Wageni hawakutakiwa. Vilipangwa vyumba zaidi ya 200, vikakamilika vichache tu. Madeni yakampanda mpaka shingoni. Juni 1886 serikali ikamwondoa madarakani, na siku chache baadaye akafia majini katika ziwa Starnberg. Wiki saba hazijaisha vizuri, milango ikafunguliwa kwa watu wa kulipa kiingilio. Leo wakati wa kiangazi huweza kuingia watu 6,000 kwa siku moja, na unaingia kwa kundi, kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi. Hata sisi wa "safari ya faragha" tulipanga mstari na wenzetu. Nyumba iliyojengwa ili mtu mmoja awe peke yake!

Ndani kuna ukumbi wa kiti cha enzi, umejengwa kwa mfano wa kanisa la Kibizanti. Pale ambapo kanisani pangekuwa na altare, palitengwa pa kuweka kiti cha mfalme. Juu ukutani amechorwa Kristo, chini yake wafalme sita watakatifu. Kiti chenyewe hakipo. Mfalme alikufa kabla hakijawekwa.

Sehemu ya pili ni kanisa la Wies, tulikopita asubuhi. Jina lenyewe maana yake ni malisho, na kweli liko kwenye malisho, ng'ombe pembeni. Mwaka 1730 watawa wa abasia ya Steingaden walihitaji sanamu ya Yesu aliyepigwa mijeledi kwa maandamano ya Ijumaa Kuu. Wakaunganisha vipande vya mbao vya sanamu mbalimbali, viungo wakavifunika kwa kitambaa, wakapaka rangi. Haikuwa ya kuvutia. Baada ya miaka michache ikaonekana inaumiza macho, ikawekwa kando. Baadaye ikafika kwa mke wa mkulima, Maria Lory, na mwaka 1738 akaona kama machozi usoni pa sanamu ile. Habari zikaenea, mahujaji wakamiminika, na kati ya 1745 na 1754 Dominikus Zimmermann akajenga kanisa juu ya malisho yale, kaka yake Johann Baptist akachora dari. Nje ni jengo la kawaida. Ukiingia ndani, mwanga unakupiga unasahau ulichotaka kusema. Na katikati ya dhahabu yote ile, kwenye altare, imewekwa ileile sanamu ya viraka iliyoonekana haifai.

Mwanzoni mwa karne ya 19, abasia ilipofungwa na serikali, kulikuwa na mpango wa kuliuza au kulibomoa kanisa lile. Waliolitetea ni wakulima wa pale. Kasri la Ludwig halikujengwa kwa ajili ya kuwakaribisha watu kama hao.

Lakini tusifanye hadithi kuwa nyepesi. Kanisa la Wies nalo liliiachia abasia madeni makubwa. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba ubaya ni kutumia fedha kwa kitu kizuri na wema ni kutotumia. Wote wawili walitumia, tena sana. Tofauti iko kwenye mlango: mmoja alijenga ili wengine wasiingie, wengine walijenga kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kuja.

Hapa najua kuna mtu ananyoosha mkono: "Frateri, hela hiyo si wangepewa maskini?" Ni swali zuri, na liko ndani ya Injili. Huko Bethania Yuda alilisema kuhusu marhamu ya dinari mia tatu. Yesu hakukubaliana naye, akamwacha Maria amalize alichoanza. Basi si kila tone la uzuri ni wizi kwa maskini. Ila tusikimbilie kujificha nyuma ya Maria. Marhamu yake yalijaza nyumba nzima harufu, kila aliyekuwemo aliipata. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba mtu anaweza kumiliki mali na kuisimamia, lakini katika kuitumia aione kama ya wote, awe tayari kuishiriki na mwenye shida. Na Mtakatifu Augustino, katika Mji wa Mungu, anasema wema haupungui ukipata mwenzako wa kuumiliki, bali unaongezeka. Mkate ukigawanywa kila mmoja anapata kipande. Uzuri ukigawanywa, kila mmoja anapata wote.

Sasa, je, faragha ni dhambi? Hapana. Tukumbuke kwamba hata Bwana wetu alipogeuka sura alichukua watatu tu: Petro, Yakobo na Yohane. Tisa walibaki chini. Ukitaka kusema kwa lugha ya leo, ilikuwa safari ya faragha yenye Mwongozaji bora kuliko wote! Petro akaonja, akataka kujenga vibanda akae hukohuko. Mwinjili Luka anasema hakujua asemalo. Kisha wakashuka, na chini wakamkuta baba mwenye mtoto mgonjwa anasubiri. Mungu anaweza kukupa wewe peke yako kitu cha kuona. Hakupi ili ujenge kibanda.

Kuna watu waliolielewa hili kuliko mimi, na safari yetu ilianzia kwao, kwenye abasia ya Sankt Ottilien. Sisi wa Ruvuma jina hilo si geni. Wabenediktini wa pale waliiacha nchi ile ya malisho na kengele, mwaka 1888 wakafika Pugu. Januari 1889 misheni yao ikashambuliwa, wengine wakauawa. Wenzao hawakuacha kuja. Mwaka 1898 ikaanzishwa Peramiho, mwaka 1906 Ndanda. Nilisimama katika kanisa lao nikawaza: mimi nimebatizwa kwa sababu kuna vijana waliozaliwa mahali pazuri hivi wakakubali kushuka.

Limebaki jambo moja, nalo ni yule mzee. Katika safari ya faragha, mtu pekee asiyeweza kukosekana ni mwongozaji, na ndiye rahisi zaidi kutoonekana. Tumezoea kutazama anakoonyesha kidole, hatumtazami yeye. Kant huyohuyo anatuonya tusimtumie mtu kama chombo tu. Kulipa si kosa, mtenda kazi anastahili ujira wake. Neno ni hilo "tu". Mchana tulipofika mgahawani alitaka kukaa meza ya pembeni, ndiyo desturi ya kazi yake. Nikamwomba tukae pamoja. Akanisimulia kwamba kanisa la Wies ndiko alikofungia ndoa, na kwamba tangu mkewe afariki hupenda wageni wamwombe awapeleke kule, apate sababu ya kuingia. Hilo halikuwa kwenye ratiba. Hakuna hela ingelinunua.

Nirudi kwa mdogo wangu, maana anastahili jibu. Sikumwambia "ukisoma kwa bidii nawe utafika". Huenda asifike, na si haki kumuuzia mtoto ndoto ili anyamaze. Nilimpigia simu nikamwambia: ni kweli ninyi hamkuwepo, na nina deni lenu. Nikaanza kulilipa palepale kwa hadithi ya sanamu ya viraka, polepole, mpaka bando likaisha. Wiki iliyofuata mama akaniambia kuwa kijana ameisimulia kwa watoto wa Utoto Mtakatifu parokiani, tena ameongeza chumvi yake kidogo.

Kwako wewe unayesoma, deni linaweza kulipwa kwa njia nyepesi tu. Kikundi chenu kikichangishana kwenda hija Bagamoyo au kupanda mlima wowote, hesabuni nafasi moja zaidi ya asiye na nauli, na asijulikane ni nani. Ukifika mahali pazuri, kabla ya kujipiga picha, uliza jina la anayewaongoza. Na ukirudi, usirudi na picha tu. Rudi na kitu ambacho aliyebaki nyumbani anaweza kukishika: hadithi, sala, jina la kumwombea.

Kwenye dari la kanisa la Wies, Kristo Mfufuka ameketi juu ya upinde wa mvua. Upande mmoja kuna mlango wa milele umefungwa. Upande wa pili kuna kiti cha hukumu, nacho ni kitupu. Kwa hiyo siku ile niliona viti viwili vitupu. Kimoja hakina mtu kwa sababu mwenyewe alikufa. Kingine kinamngoja Mwenyewe ambaye atakuja, na tunajua tayari swali atakalotuuliza kuhusu wenye njaa, wageni na walio kifungoni. Kwa masikio yangu siku hizi linasikika kama maneno matatu ya mtoto.

Tuombeane.