Fardhi Tuliyomwachia Mtu Mmoja

Enyi ndugu zetu Waislamu wa Garsen na vijiji vya kando ya Mto Tana,

Kutibu wagonjwa, wanavyuoni wamekuhesabu katika fardhi za kifaya: wakisimama nayo wa kutosha, wengine wamesalimika, wasipotosha, dhambi ni ya mji mzima. Basi natuutazame mji wetu. Mwishoni mwa mwaka 2023 mto ulifurika, njia zikakatika, ikawa kumfikisha mgonjwa Ngao au Hola ni mashaka makubwa. Mwaka 2024 mafuriko yakarudi, na kipindupindu kikadhihiri katika kaunti hii. Maradhi hayo humwisha mtu maji ya mwili, akafa kwa saa chache. Hayangoji barabara ikauke.

Aliyebaki kutubishia hodi ni nani? Ni mhudumu wa afya wa kijiji, mwenye nyumba zipatazo 100 za kuzizungukia, na posho iliyopangwa mwaka 2023 kuwa shilingi 5,000 kwa mwezi. Yeye hutufundisha kuchemsha maji, na kumnywesha mwenye kuhara, kidogo kidogo, lita moja ya maji safi yenye vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, huku njia ya hospitali ikitafutwa.

Nasi twamjibu kuwa hiyo ni kazi ya serikali, kisha twaenda kumtafutia mtoto kombe! Hatukanushi dua, wala kumsomea mgonjwa Qur'ani, lakini Mtume wetu (S.A.W.) aliyetufundisha hayo ndiye aliyetuamuru kujitibu. Na hilo kombe limeoshwa kwa maji gani? Maji ya mto, mekundu kwa tope, yaliyopita vyooni, hayakuonja moto. Aya ni tukufu, maji ni machafu. Na mtoto akizidi kuhara twasema ana shetani.

Aonaye haya kuiingiza kazi hii msikitini na amkumbuke Bibi Rufaida wa kabila la Aslam. Saad bin Muadh alipopigwa mshale katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, Mtume aliamuru apelekwe kwa bibi huyo, na hema la mgonjwa lilikuwa msikitini.

Twachangia mazulia na vipaza sauti, wala si vibaya. Twaomba Ijumaa moja kila mwezi mchango uwe wa dawa ya maji, sukari, chumvi na petroli ya pikipiki ya kumchukua mgonjwa. Hesabu yake isomwe mbele ya watu. Na mhudumu, awe Mpokomo au Muorma, apewe nafasi ya kusema baada ya sala. Akiwa ni mwanamke, na asikizwe vile vile.