THELUJI HAINA WEUPE WAKE YENYEWE

Masomo: Isaya 1:18, Ayubu 38:22, Zaburi 147:16

 

Hapa Base ya Kamina hatuamki asubuhi tukakuta theluji mbele ya mlango. Tunajua baridi ya mwezi wa sita na wa saba, wakati wazee wanaota moto mpaka jua lipande. Tunajua mvua ya mawe, inayopasua majani ya muhogo na kufurahisha watoto. Tunajua barafu ya firigo, siku ile umeme upo. Theluji ni kitu kingine. Katika miaka ya 1960 askari wa Uswidi, waliotumwa na Umoja wa Mataifa, walikaa katika Base hii. Kwao theluji inafunika mashamba miezi mingi, lakini hawakuja nayo katika masanduku yao.

Na bado tunaitaja kanisani. Tunavaa kanzu nyeupe, tunasoma ahadi ya Isaya kwamba dhambi nyekundu sana zitakuwa nyeupe kama theluji, na wote tunaitika Amina. Basi inafaa tujue tunaitikia kitu gani.

Tusidhani theluji ni jambo la Ulaya peke yake. Iko katika nchi yetu wenyewe, Kivu ya Kaskazini, upande wa Beni, juu ya milima ya Rwenzori tunayogawana na Uganda. Kilele chake kinaitwa Margherita, kina meta 5,109. Kiko karibu kabisa na ikweta, mahali ambapo jua ni kali, lakini kule juu ni baridi sana. Watu wanaoishi chini yake wana neno lao wenyewe la theluji, nzururu. Mwaka 1888 Stanley alipopita huko, kijana mmoja alimwonyesha mlima ambao watu walisema umefunikwa na chumvi. Ilikuwa theluji.

Miaka 40 mbele yake, tarehe 11 Mei 1848, mhubiri Johannes Rebmann, aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Akamwuliza kiongozi wake wa njia kile ni kitu gani. Yule hakuwa na jina lingine, akajibu tu: baridi. Rebmann akaelewa, akaandika. Lakini mwenye elimu mmoja wa London, Cooley, ambaye hakukanyaga mlima ule, alibisha kwa miaka mingi kwamba theluji haiwezi kukaa katika joto la Afrika. Wandugu, yule aliyesema baridi hakuwa na vitabu, lakini ushuhuda wake ulikuwa wa kweli.

Sasa tazameni namna inavyofanyika, maana ndipo penye ajabu. Jiwe la mvua yetu ni tone la maji lililoganda, likarushwa juu na chini ndani ya dhoruba, likinenepa. Chembe ya theluji haipiti njia hiyo. Ndani ya wingu la baridi kali, mvuke unageuka barafu moja kwa moja na kujijenga polepole, mara nyingi kwa mikono 6, kama nyota. Mkulima mmoja wa Vermont huko Marekani, Wilson Bentley, alianza kuzipiga picha mwaka 1885, akafikisha zaidi ya 5,000, akasema hakuona mbili zinazofanana. Alikuwa mtu wa ng'ombe na shamba, si profesa. Mungu alipomwuliza Ayubu kama ameingia katika ghala za theluji, Ayubu hakuwa na la kujibu.

Lakini jambo tulilotaka kuwaambia ni hili: chembe ya theluji si nyeupe. Ni barafu safi, mwanga unapita ndani yake kama katika kioo. Chukueni chembe moja ya chumvi au sukari, itazameni karibu na macho, mtaona vilevile; kwa fungu ndiyo inaonekana nyeupe. Chembe nyingi za theluji zikilala pamoja, mwanga wa jua unaingia, unagonga huku na huku, unarudi karibu wote machoni petu, na hapo tunaona weupe ule unaoumiza macho. Hakuna rangi iliyopakwa. Katika giza la usiku weupe huo hauonekani.

Tunasema hivi kwa sababu ya mlango wa kanisa. Tumesikia kwamba mahali fulani mama mjane amerudishwa nyumbani kwa sababu kanzu yake imekuwa na rangi ya udongo. Sabuni ina bei, wandugu. Udongo wetu ni mwekundu, na mtu aliyetembea kilometa 8 kwa miguu hafiki kama aliyeshuka kwenye gari. Isaya hakuwaahidi watu sabuni. Anayesimama mlangoni kupima weupe wa wengine, weupe wa kwake ameutoa wapi?

Na mwimba Zaburi anafananisha theluji na sufu, manyoya ya kondoo, kitu cha kupasha joto! Si makosa. Wakulima wa nchi za baridi wanajua kwamba ngano iliyolala chini ya theluji nene inaponyoka, na ile iliyo wazi inaungua kwa baridi. Inafunika, haifukuzi.

Ile ya Rwenzori inapungua. Mwaka 1906 barafu ya kule ilifunika karibu kilometa mraba 7; sasa haifiki hata 1. Wengine wanatafuta wachawi, lakini ni dunia inayopata joto kwa moshi wa mafuta na makaa ya mawe yanayochomwa na watu. Maji yake yanashuka Semliki na kuingia Nile, wala hayafiki Lualaba yetu. Wajukuu wetu huenda watasoma Isaya bila nchi yao kuwa na theluji hata kidogo.

Jumapili inayokuja tutasoma Ayubu sura ya 38 yote. Mashemasi wa mlango wafike mapema, na mabenchi ya mbele yaachwe kwa wanaotoka mbali.