Herufi tatu zinazompima kijana wa Korea

Kila mwaka, Alhamisi moja ya Novemba, Korea Kusini nzima hunyamaza kwa ajili ya mtihani wa kuingia chuo kikuu. Watahiniwa wapatao nusu milioni huingia vyumbani asubuhi na kutoka jioni. Soko la hisa hufunguliwa saa moja baadaye kuliko kawaida ili barabara ziwe nyeupe, na mtoto aliyechelewa hupakiwa kwenye pikipiki ya polisi hadi getini. Ukifika muda wa kusikiliza Kiingereza, ndege haziruki wala hazitui. Zilizo angani huzunguka zikisubiri watoto wamalize.

Wengi wao wanawania herufi tatu: SKY. Ni Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul, Chuo Kikuu cha Korea na Yonsei. Hakuna sheria iliyounda kundi hilo. Watu wa mtaani walizichukua herufi za mwanzo wakaziunganisha, na leo zinaamua nani aitwe kwenye usaili na nani akubaliwe na wakwe.

Vyuo vyenyewe sina ugomvi navyo. Ni vizuri, na aliyeingia ametoa jasho. Kinachoniumiza ni mtaa kama Daechi-dong, jijini Seoul, uliojaa vituo vya masomo ya ziada viitwavyo hagwon. Ilibidi mamlaka za jiji ziviamuru vifungwe saa nne usiku. Saa hiyo magari ya wazazi hujipanga barabarani, na watoto hutoka na mabegi mgongoni, wengine bado na kazi ya shule ya kumalizia nyumbani. Anayekosa alama zake hurudia mwaka mzima, wengine zaidi ya mara moja, ingawa vyuo vingine vipo na vingemchukua. Jina la SKY limewafumba wazazi macho wasivione.

Na nchi hiyohiyo ina ushahidi wa kutosha dhidi ya kipimo chake. Roh Moo-hyun aliishia sekondari ya biashara mjini Busan. Alijisomea sheria mwenyewe, akafaulu mtihani wa taifa wa wanasheria mwaka 1975, na kuanzia 2003 hadi 2008 alikuwa rais. Chung Ju-yung, mwanzilishi wa Hyundai, alisoma shule ya msingi tu. Ujanani alikuwa kibarua wa kubeba mawe kwenye ujenzi wa Chuo cha Bosung, ambacho baadaye kilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Korea. Hiyo ndiyo K ya katikati.

Mwaka 2017 serikali yao iliziagiza taasisi za umma ziache kumuuliza mwombaji kazi amesoma chuo gani. Naliona hilo kuwa jambo la haki kabisa. Mtu wa miaka thelathini na tano hapaswi kuendelea kuhukumiwa kwa siku moja ya Novemba aliyoipitia akiwa na miaka kumi na minane.

Sisi Tanzania tuliwahi kugusa jambo hilohilo. Januari 2023, Baraza la Mitihani lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne, liliacha kutaja shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Wapo waliolalamika kwamba ushindani umeuawa. Mimi nilifurahi, kwa sababu namjua mtoto wa shule ya kata, asiye na maabara wala mwalimu wa fizikia, anavyojisikia anapolinganishwa hadharani na mwenzake aliyepewa kila kitu. Lakini tangazo la baraza haliingii sebuleni kwetu. Huko bado tunaulizana mtoto wa fulani kapangiwa wapi, na jibu lisipokuwa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mazungumzo yanahamia kwa mtoto mwingine.

Ndugu mzazi, matokeo yajayo yakitoka, kaa na mwanao kwanza. Muulize anataka kujua nini na anataka kufanya nini, kisha mtafute pamoja mahali panapofundisha hicho vizuri, hata kama jina lake halijulikani na jirani yeyote.