Semina Imekwisha, Darasa Linangoja

Walimu wanangu wa Bunia, nanyi madirekta wa shule, nivumilieni kidogo. Nimechoka kulisema neno hili, lakini nitalisema tena.

Tangu vita vya Ituri vya 1999 hadi 2003, mashirika yamekuja kwetu na semina zao. Mwalimu anaitwa, anakaa ukumbini siku tatu, anapewa daftari, soda na posho, anapigwa picha, anarudi na cheti. Jumatatu anafundisha vilevile alivyofundisha juzi.

Msimlaumu upesi. Elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure hapa Kongo mwaka 2019, madarasa yalifurika, na waliokimbia mapigano ya Djugu wakaleta watoto wao mjini. Wapo pia walimu ambao majina yao hayajaingia kwenye orodha ya mshahara wa serikali. Kazi za vikundi alizozifanya ukumbini, atazifanyaje na watoto waliobanana benchi moja watano watano?

Tena hakuna aliyekuja kumwona akijaribu. Ingieni darasa la kwanza msikie: watoto wanaimba ukurasa mzima, ba, be, bi, bo, bu, na sauti zinapendeza. Sasa mwambie mtoto wa benchi ya nyuma akuonyeshe “bo” kwa kidole. Anatazama macho ya mwalimu, anabahatisha, anakosea. Saa hiyohiyo ndiyo mwalimu anamhitaji mtu wa kumshauri.

Wakenya waliliona hilo. Mpango wao wa kufundisha kusoma, Tusome, ulioenea nchi nzima kuanzia 2015, ulitoa vitabu na semina, lakini maafisa wa elimu waliwafuata walimu madarasani, wakasikiliza watoto wachache wakisoma, kisha wakazungumza na mwalimu. Afrika Kusini, mkoa wa North West, walipima kabisa: walimu wa kundi moja walifundishwa ukumbini, wa kundi jingine wakatembelewa darasani, wote wakiwa na maandalizi ya masomo yaleyale. Faida ya kusoma kwa watoto wa kundi la pili ilikaribia mara mbili ya ile ya kundi la kwanza.

Basi direkta, toka ofisini mara moja kwa wiki, ukae nyuma ya darasa. Sikiliza watoto watatu, halafu muulize mwalimu: kesho tujaribu nini? Mwalimu, mwenzako akija kukutazama usimwone mpelelezi. Na wewe nenda kwake. Inspekta, rejista utaikagua baadaye, anza na somo. Wenye mashirika, punguzeni fedha za ukumbi, mlipeni mtu wa kurudi shuleni mara ya pili na ya tatu, hata kama safari hizo hazina picha nzuri za kutuma kwa wafadhili. Nanyi wa serikali, lipeni walimu. Ushauri haupiki ugali.

Bandu bandu huisha gogo, wanangu. Anzeni wiki hii, na darasa moja linatosha.