Kuagana na Farasi Mzee

Je, mtu ana deni kwa mnyama aliyemtumikia miaka mingi, naye sasa hana nguvu tena? Tulifikiri swali hili katika habari ya farasi. Huku Kongo farasi ni wachache, kwani mahali penye mbung'o hupatwa na ugonjwa na kufa. Lakini kwa mataifa mengine farasi amebeba watu, amelima mashamba, amekwenda vitani. Tena huishi miaka 25 hata 30, hivi kwamba aliyempanda akiwa mtoto huweza kumzika akiwa baba wa watoto.

Uzee wake hujulikana. Meno yaliyosaga majani maisha yote huisha, na chakula humdondoka kinywani. Mgongo hubonyea, mashimo huonekana juu ya macho, viungo hukakamaa. Hata hivyo, asikiapo sauti ya bwana wake, huinua masikio. Hapo ndipo moyo wa bwana hupimwa.

Zamani huko Roma alikuwako mkuu mmoja, jina lake Cato. Mwaka 195 kabla ya Kristo aliongoza jeshi katika nchi ya Hispania. Aliporudi kwao alimwacha huko farasi aliyempanda vitani, ili serikali isitoe fedha za kumsafirisha. Tena katika kitabu chake cha kilimo aliwashauri wenye mashamba wauze ng'ombe mzee, na gari kuukuu, na mtumwa mzee, na mtumwa mgonjwa. Angalieni jinsi mambo haya yanavyofuatana. Moyo uliozoea kuhesabu faida tu haukusita ulipofika kwa mwanadamu.

Plutarch, mwandishi wa Kigiriki aliyeishi zaidi ya miaka 200 baada yake, alimlaumu. Alisema kwamba viumbe vyenye uhai si kama viatu au vyungu, vya kutupwa vikichakaa. Akasimulia habari za watu wa Athene walipokuwa wakijenga hekalu lao kubwa. Nyumbu waliofanya kazi sana, wale wazaliwao na punda na farasi, walifunguliwa wakale majani kwa uhuru. Mmoja wao akarudi mwenyewe kazini, akawa anawatangulia wenzake kupanda mlima. Ndipo watu wa mji wakakata shauri alishwe kwa mali ya wote mpaka kufa kwake.

Labda mtu atajibu: «Farasi hajui haki, wala hawezi kudai mshahara; basi hakuna deni.» Ni kweli, mnyama si mtu, wala haifai kumpa mnyama chakula cha mtoto mwenye njaa. Lakini mtoto mchanga naye hawezi kudai, wala mzee aliyepotewa na fahamu. Mtu atendaye haki kwa wale tu wawezao kumshtaki, hapendi haki; anaogopa baraza.

Liko na kosa la pili, nalo hufanana na upendo. Farasi amelala chini, hawezi kusimama. Uzito wa mwili wake mwenyewe unamwumiza. Mganga wa wanyama amekwisha kusema kwamba hakuna dawa. Lakini bwana wake anazidi kumshika, siku hata siku, kwa kuwa hawezi kuvumilia kumkosa. Cato alimwacha farasi kwa ajili ya fedha. Huyu anamshika kwa ajili ya machozi yake mwenyewe. Wote wawili wanajitazama wenyewe, wala hawamtazami mnyama. Katekisimu ya Kanisa ya mwaka 1992 inafundisha kwamba kumtesa mnyama bila sababu hakupatani na heshima ya mtu. Basi, wakati huo kumwua upesi, kwa mkono wa mjuzi, ni huruma. Na bwana wake asikimbie, bali asimame karibu, amshike kichwa, ili sauti anayoijua iwe ya mwisho kusikiwa naye.

Jemadari Wellington wa Uingereza alikuwa na farasi aitwaye Copenhagen, aliyezaliwa mwaka 1808. Tarehe 18 Juni 1815 alimpanda mchana kutwa katika vita vya Waterloo, nchini Ubelgiji. Farasi alipozeeka hakuuzwa. Alikaa katika malisho ya bwana wake hata akafa mwaka 1836, akazikwa huko kwa heshima ya askari.

Basi, ninyi msio na farasi, mtazameni mbwa mzee aliyelinda nyumba usiku. Msimpige mawe kwa sababu hawezi tena kubweka. Kisha mwingie katika nyumba ya bibi kizee asiyeweza tena kulima. Ikiwa mnyama hastahili kutupwa baada ya kazi, je, yeye atawezaje kuachwa peke yake?