Eka Moja na Barua Tatu

Tumeulizwa swali, na aliyetuuliza ni kijana wa darsa yetu hii ya Kericho, mtoto wa mkulima wa chai wa upande wa Konoin katika kaunti ya Bomet. Amekwisha kupata shahada yake ya kwanza ya biashara, na kwa muda wa miaka minne amekuwa karani katika chama kimoja cha akiba na mikopo. Sasa ataka kusoma shahada ya uzamili katika elimu ya fedha. Alitujia na barua tatu za kukubaliwa: ya chuo kikuu kimoja cha Uingereza, ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na ya chuo kilicho karibu na kwao, ambacho mtu aweza kukiendea asubuhi na kurudi nyumbani jioni. Akaziweka juu ya jamvi, akasema: "Maalim, niende wapi?"

Twakiri kwamba jawabu yetu ya kwanza ilikuwa ya haraka. Tulisema Uingereza. Ni nani asiyependa kutaja mbele za watu kwamba kijana wa darsa yake yuko Uingereza? Mmoja wetu alikwisha kuinua mikono aombe dua ya safari. Kisha mzee mmoja, ambaye si mwepesi wa kusema, akauliza fedha zatoka wapi. Kijana akainamisha kichwa. Baba yake yu tayari kuuza eka moja katika eka mbili za chai alizo nazo, na kitakachopungua kikopwe.

Hapo swali likageuka. Kabla ya hapo tulikuwa twauliza ni chuo gani kilicho bora. Sasa tukawa twauliza ni haki ya nani inayouzwa. Na kwa kuwa jambo hili halimhusu kijana huyu peke yake, bali liko katika nyumba nyingi za nchi hii ya chai, tumeona tuliandike.

Na tuanze kwa hesabu, maana ni aibu kuzungumza juu ya elimu ya fedha bila ya kuhesabu. Katika vyuo vingi vya Uingereza ada ya shahada hii kwa mgeni hupita pauni 20,000 kwa mwaka mmoja wa masomo, na katika vyuo vyenye sifa kubwa huko London hufika maradufu. Pauni 20,000 kwa fedha zetu ni zaidi ya shilingi milioni 3, kabla mtu hajala wala hajalala. Basi tuseme mkulima amepata bonasi ya shilingi 20 kwa kila kilo ya majani mabichi. Ili kupata shilingi milioni 3 katika bonasi yampasa awe amepeleka kituoni kilo 150,000. Na tuseme eka yake yampa kilo 4,000 kwa mwaka. Hiyo ni bonasi ya miaka 37 na nusu ya eka moja, ikichumwa majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, kwa mvua na kwa umande. Wala bonasi yenyewe si kitu cha kutegemewa. Mwaka 2025 wakulima wa Kericho na Bomet walitoka barabarani wakilalamika kwamba wamelipwa kidogo kuliko wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa.

Na katika nyumba hii tunayoizungumza, ni nani achumaye? Ni dada wa kijana huyu, mkubwa wake kwa miaka mitano, ambaye aliacha skuli wakati karo ilipokuwa haitoshi watu wawili. Tulipomwuliza kijana kama dada yake ameulizwa juu ya kuuzwa kwa eka hiyo, alinyamaza, kisha akasema: "Dada hana neno, Maalim. Yeye siku zote ni mtu wa kuridhia."

Basi twauliza, ewe msomaji: fedha anazopewa mtoto mmoja kwenda kusoma shahada ya pili ni fedha za namna gani? Si matumizi ya lazima, maana mtu huyu ni mtu mzima, ana kazi na mshahara. Ni zawadi? Ikiwa ni zawadi, hukumu yake yajulikana. Bashiri, baba wa Nuumani, alimpa mwanawe huyo mali, akamwendea Mtume (s.a.w.) ili awe shahidi, akaulizwa kama wanawe wote amewapa mfano wa hayo. Aliposema hapana, Mtume alikataa kushuhudia. Kisa hiki hakuna asiyekijua katika wale wanaohudhuria darsa. Lakini tukiona eka inauzwa kwa ajili ya kijana mmoja, na dada zake wanabaki na mashina ya mpakani, hatukikumbuki. Twasema "mashallah, anakwenda kusoma," kana kwamba neno kusoma lafuta haki za watu.

Baba yake, tulipokwenda kumwona, alitujibu kwa maneno ambayo hatuwezi kuyadharau. Alisema: "Wazee wangu, mimi simpi zawadi. Akiinuka huyu ataniinulia na wengine." Hii ni hoja, na ni hoja ya kweli katika nyumba nyingi, wako watu katika mji huu ambao nyumba za wazazi wao na karo za wadogo zao zilitoka katika shahada moja. Lakini hoja hii yageuza zawadi kuwa sharika, na kila sharika ina masharti yake. Katika mudharaba mwenye mali akitoa mali na mtenda kazi akatoa kazi yake, faida hugawanywa kwa kadiri waliyoafikiana tangu mwanzo, na mali ikipotea pasipo uzembe humpotea mwenye mali, na mtenda kazi hupoteza jasho lake. Je, yule dada anajua kwamba amekuwa mwenye mali? Anajua fungu lake la faida ni kiasi gani? Amekubali kwamba kijana akirudi bila ya kazi, hasara itakuwa juu ya mgongo wake yeye aliyechuma? Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani ni aya ya deni, nayo yaamrisha kuandika na kuweka mashahidi. Watu wetu huandika mfuko mmoja wa mbolea wanaokopeshana, lakini eka nzima huondoka kwa kutikisa kichwa.

Hatusemi haya kwa kumtisha mtu asisafiri. Lakini Eldoret si mbali nasi. Huko Uasin Gishu, mwaka 2021, ulianzishwa mpango wa kaunti wa kuwapeleka vijana kusoma Finland, na wazazi wengi waliuza ng'ombe na mashamba wakalipa. Kufikia mwaka 2023 wazazi hao walikuwa wakiandamana kudai fedha zao, na jambo likafika mahakamani. Wale wazazi hawakuwa wapumbavu. Walipenda watoto wao, na walisikia jina la nchi ya mbali, wakatosheka na jina.

Na hili la jina lataka kuelezwa kwa uadilifu, kwa sababu ndani ya darsa yetu hatukuwa na kauli moja. Ndugu mmoja aliyefanya kazi Nairobi miaka mingi alitwambia kwamba sisi twasema kama watu wasiopata kuomba kazi. Katika mabenki makubwa, asema, barua mia zaletwa kwa nafasi moja, na mwenye kuzisoma hana wakati. Huangalia jina la chuo, akaweka kumi upande huu na tisini upande ule. Jina hufungua mlango. Hili ni kweli, na mwenye kulikanusha amdanganya kijana.

Lakini tumtazame mnunuzi wa chai katika mnada wa Mombasa, ambako chai yetu huuzwa kila juma kwa dola. Yeye ayajua majina ya viwanda, na kiwanda chenye sifa humvutia mapema. Hata hivyo hanunui kwa jina. Kila fungu la chai hupikwa, huonjwa na kutemwa, na kiwanda chenye jina kubwa kikileta chai iliyoungua, bei yake huanguka siku hiyo hiyo. Na wanavyuoni wetu wa zamani walikuwa na desturi kama hiyo. Ijaza aliyopewa mwanafunzi haikuwa ya jengo. Ilikuwa ya mwalimu fulani, kwa kitabu fulani alichokisoma mbele yake. Mtu alifunga safari ya miezi kumfuata mwalimu, na mwalimu akihama, wanafunzi nao walihama. Leo kijana ataja chuo, nasi tukimwuliza nani atakayemfundisha, na kitabu gani, atutazama kama tuliosema lugha ngeni.

Liko na jambo la riba, ambalo wengi walitutumia maswali juu yake. Ni mambo mawili, na watu huyachanganya. La kwanza ni kulipia masomo kwa mkopo wa riba. Hata mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa mwaka 1995, wanafunzi wa shahada ya kwanza huirudisha kwa nyongeza ya asilimia 4 kwa mwaka. Juu ya shahada ya kwanza wako wanaosema ni dharura, nasi hatutaki kufungua mlango huo leo. Lakini mtu mwenye kazi na mshahara, akitaka shahada ya pili katika nchi ya mbali ilhali iko ya karibu, hatuoni dharura yake iko wapi.

La pili ni kuisoma elimu ambayo nusu ya hesabu zake zimejengwa juu ya riba. Wako waliotushauri tumkataze kabisa. Sisi twaona kinyume. Tabibu hujifunza sumu, wala hatumwambii ni mnyweshaji wa sumu. Nchi hii ilikwisha kupata funzo. Mwaka 2007 benki mbili za kufuata sheria ya Kiislamu zilipata idhini, na mwaka 2008 zikafungua milango, na sote tulifurahi. Mojawapo ilikaa miaka kadhaa bila ya kutimiza kiwango cha mtaji kinachotakiwa na Benki Kuu, mpaka ikanunuliwa na benki ya kutoka Somalia mwaka 2023. Nia njema haikuifanya hesabu ya mtaji itimie. Ikiwa twataka fedha safi, lazima wawepo wetu wanaoijua hesabu kuliko wale tunaowalaumu. Akitaka baadaye kusoma fedha za Kiislamu peke yake, Malaysia wamejenga chuo kwa kazi hiyo hasa tangu mwaka 2005, na mlango uko wazi.

Basi tukamrudishia kijana barua zake, tukamwambia arudi kwao Konoin akamwulize dada yake, si kama mtu wa kuridhia, bali kama mwenye mali. Alikwenda Ijumaa, akarudi baada ya siku mbili, na alikuwa amebadilika sura. Dada yake alimsikiliza mpaka mwisho, huku akichambua maharagwe. Akasema yeye vyuo hajui. Ila ana jambo moja la kumwuliza: kwa nini kiwanda cha jirani kimelipa bonasi kubwa kuliko cha kwao, na mvua ni moja, na jani ni moja? Mwenye shahada ya biashara hakuwa na jawabu. Alitaja bei ya mnada, akataja dola, akataja mikopo ya kiwanda, kisha akakwama, kwa sababu hakujua ni kipi kilichokula kiasi gani.

Twaona swali hilo ndilo lililochagua chuo. Mwaka 2021 serikali iliweka bei ya chini katika mnada, na miaka iliyofuata chai nyingi ikalala maghalani bila ya mnunuzi. Mashamba makubwa ya Kericho yamebadilisha wenyewe na kwenda mikononi mwa kampuni ya Sri Lanka. Viwanda vya wakulima vina madeni. Katika mambo yote hayo, wakulima walipokusanyika kuuliza, waliowajibu walikuwa watu wa hesabu, na waliouliza hawakuwa na mtu wa hesabu. Tukamwuliza kijana: katika vyuo hivi vitatu, ni wapi utakapoweza kukaa na mwalimu na hati hizi mkazisoma? Akafikiri usiku huo. Makao makuu ya shirika la chai la wakulima yako Nairobi. Masoko ya hisa na ya dhamana yako Nairobi. Tasnifu yake aweza kuiandika juu ya madeni ya viwanda vya chai, na watu wa kuwauliza wako kwa safari ya basi. Aliangalia kama masomo hayo yameidhinishwa na tume ya elimu ya vyuo vikuu, na akawatafuta watu watatu waliomaliza huko awaulize tasnifu zao ziliwachukua muda gani, maana wengi hukwama hapo mwaka baada ya mwaka. Wawili walimaliza kwa wakati. Wa tatu yu hali ya kuandika mpaka leo. Hilo nalo amelijua kabla ya kulipa.

Ameijibu barua ya Nairobi. Ada ya mwanzo imetoka katika akiba yake ya ukarani, na sehemu ya bonasi ya nyumba itaongezwa, lakini eka haikuuzwa. Hati imeandikwa: fungu la dada katika mshahara wake ni kiasi gani, kwa miaka mingapi, na karo ya watoto wa dada imetajwa kwa majina yao. Mashahidi ni wawili wa darsa yetu. Nakala moja iko kwa mama yao, ndani ya mkebe wa risiti za chai.

Kifungu kimoja hakijaafikiwa, nacho ni cha hasara. Baba ataka iwe juu yake peke yake, kijana ataka iwe juu yake yeye, na dada amesema asomewe tena polepole, Jumamosi ijayo, kabla hajatia dole gumba.