Ni Punje Ipi Iliyoziba?

Msomaji kijana, nchi ya Kisegi i kando ya Ziwa Viktoria. Si mbali na hapo, upande wa kusini, Mto Kuja huingia ziwani. Huko juu Kisii, utokako, watu huuita Gucha. Mvua zinyeshapo maji yake hugeuka rangi ya udongo, kwa kuwa kila shamba la mteremkoni lisilo na matuta hutoa fungu lake. Katika nchi tambarare ya Nyatike wakulima huyaongoza maji ya mto mashambani kwa mifereji. Na maji yapunguzapo mwendo, tope hutuama, na njia huwa nyembamba.

Sasa twaa chupa yenye maji, utie kokoto nyingi, kila moja ikiwa kama theluthi ya upana wa shingo yake. Ipindue ghafula. Zingalipita moja moja, zote zingalitoka. Lakini zikifika shingoni pamoja, kadhaa huegemeana na kufanya tao, kama mawe yaliyo juu ya mlango. Zilizo nyuma huzisukuma, nazo huzidi kukazana. Je, ni ipi iliyoziba? Kila moja yaweza kujitetea: "Mimi ni ndogo kuliko tundu." Nayo yasema kweli. Walakini, iondoe moja tu katika zile zilizoegemeana, na tao huanguka.

Basi udogo si ushahidi wa kutokuwa na hatia. Mkulima wa juu, alimaye hadi ukingoni mwa mto, husema kwamba udongo wake ni kikapu kimoja tu. Yamkini ni maskini, na mistari miwili ya mahindi ya ukingoni ni chakula cha watoto wake. Kwa hiyo si haki kumtwika yeye peke yake lawama ya mto mzima. Lakini mwenye shamba la mwisho, ambaye mpunga wake umekauka, naye ana watoto.

Twasema haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo twaipenda tuwekapo akiba, twaisahau tuharibupo. Deni la wengi hugawanywa, halifutwi. Usiulize, basi, kama kosa lako latosha kuuziba mfereji. Uliza ni nani angojaye maji mwisho wake.